Mstari wa Tisa

Hospitali ya Misheni, Mlimani
Nyamira
3 Februari 1974

Mpendwa Padma,

Mimi mzima, wewe mzima, mambo ya salamu tumeyamaliza. Karatasi imefika!

Nyasani wa posta alikuwa ameikunja bahasha ili iingie kwenye mfuko wa baiskeli. Nilimfokea mpaka akaniuliza kama ndani mna cheti cha ndoa. Nikamwambia ni zaidi ya hiyo. Kompyuta yenu inaandika herufi kubwa tupu, kama mtu anayegombana, lakini nimeisamehe. Ile ni kazi yangu, Padma. Miaka miwili mimi na Mzee Alfayo tumejifungia kwenye chumba cha kadi, yeye na kadi zake, mimi na zangu, tukigeuza magonjwa ya kina mama kuwa namba ili nyinyi huko Chuo Kikuu mzitoboe kwenye kadi za matundu na mashine isome. Na mashine imesoma. Hospitali ya kilimani, yenye paa linalovuja juu ya wodi ya wazazi, imesomwa na kompyuta.

Na nitasema tena, maana kujisifu kwa haki si dhambi: mpango wa kuficha majina ni wangu. Profesa wenu aliposema majina yasitoke hospitalini, kila mtu alibaki kukuna kichwa. Mimi nikasema jibu liko hapa hapa kwetu. Mwanamke aliyeolewa haitwi jina lake ovyo. Anaitwa kwa ukoo aliotoka, boma aliloolewa, watoto aliowazaa. Basi nikafuta jina na mahali pake nikaweka heshima yake: katoka wapi, kaolewa wapi, ni mke wa ngapi, kazaa wavulana au wasichana. Jina hata moja halimo. Profesa aliandika "bora sana" pembeni. Barua hiyo ninayo.

Jana jua lilipozama na Sabato ikaisha, nilimsomea mama. Unamkumbuka mama yangu Bochaberi, aliyekuwa akitua kikapu chake cha ndizi kwenye baraza la duka la baba yako, mimi na wewe tukigombania vipande vya kitambaa chini ya kaunta. Ukiacha vichwa vya safu, karatasi yenyewe ni namba tu, kwa hiyo nilikuwa nazigeuza maneno papo hapo bila kutazama mwongozo: nne ni ukoo wa Bonchari, mbili ni mke wa pili, saba ni jeraha la uzazi, na kuendelea. Sikukwama hata mara moja. Mama alisikiliza ametulia. Tulipofika mstari wa tisa akaniambia niurudie, nikaurudia vizuri zaidi. Kisha akasema kuku hawajafungiwa, akatoka. Hakunipongeza. Lakini huyo hampongezi mtu, hata afufuke mbele yake.

Mkutano wa Kisii uko palepale mwezi ujao? Machifu, wachungaji na mapadre, kila mmoja na nakala mkononi, na mimi ndiye wa kuisoma. Baba yako amenikatia kitambaa cha buluu cha kushona gauni. Anasema nikisimama mbele ya machifu nisimwaibishe.

Wako mwenye kiburi cha halali,
Drusilla Nyanchera


Nyamira
7 Februari 1974

Kwa Padma, binti ya Jagdish,

Mimi ni Bochaberi. Anaandika ni Alfayo wa kadi, kwa sababu mkono yangu haijui kalamu. Alfayo ameapa hatasema. (Nimeapa. Alfayo.)

Padma mwanangu, ile karatasi yako, mimi niko ndani. Mstari ya tisa. Drusilla alinisomea na sauti kubwa kama mchungaji. Mwanamke ametoka Bonchari, ameolewa hapa Mugirango, boma ya Machogu, bibi ya pili, amezaa mapacha wanaume halafu msichana mmoja, akaumia kwa kuzaa huyo msichana, mkojo ikawa inatoka yenyewe miaka mingi, akapasuliwa, akapona. Sasa niambie, huyo ni nani? Akina Bochaberi hapa ni wengi, ukiita moja sokoni wanageuka kumi. Lakini bibi ya pili wa Machogu, ametoka Bonchari, mama ya mapacha, ni mimi peke yangu dunia nzima. Heri mngeandika jina.

Drusilla hakujua. Akili yake ilikuwa kwa kugeuza namba, na mimi hawezi kunifikiria hivyo. Kwetu mtoto haangalii mambo ya mwili ya mzazi wake, hata kusikia ni aibu. Tunaita chinsoni. Ndiyo maana kadi yangu iko na Alfayo, kwa sababu yeye ni rika yangu. Nilipopasuliwa Drusilla alikuwa huko kwenu Nairobi kwa mafunzo. Nikasema naenda kwa ndugu yangu kule Suneka, kumbe niko wodi, naangalia dari.

Huyo msichana aliniumiza ni yeye Drusilla. Sitaki ajue. Anajipenda, anatembea kama barabara ni ya baba yake, na mimi napenda hivyo. Akijua atainama.

Na hao machifu pia sitaki. Hiyo miaka yote nilikaa mwisho kabisa kule sokoni, upande ile upepo inatoka kwa watu kuja kwangu, wakasema Bochaberi anapenda kukaa peke yake. Mimi sikupenda. Sasa nimepona, nakaa katikati na wenzangu, tunacheka. Wacha nikae katikati.

Nitoe kwa hiyo karatasi, mwanangu. Na usimwambie Drusilla.

Bochaberi
Kidole chake ndiyo hii.

(Binti yangu Padma, mimi ndiye niliyeandika kadi ile, nikafuata mpango kama ulivyo. Nilidhani nimemficha. Alfayo.)


Chuo Kikuu
Nairobi
13 Februari 1974

Mama yangu Bochaberi,
(Mzee Alfayo, msomee mkiwa wawili, kisha choma.)

Umeshatoka. Barua yako ilifika asubuhi na kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimechukua nakala zote zilizokuwa zimepigwa kwa ajili ya mkutano, nikazifungia kwenye kabati langu. Ufunguo nimeufunga shingoni pamoja na mkufu alionipa mama yangu. Hakuna chifu atakayesoma mstari wa tisa.

Naona haya kubwa. Nilikulia barazani kwenu, yaani kwenye baraza letu lililokuwa lako kila siku ya soko, na nilipousoma mstari ule sikukujua. Niliona namba nikafurahi kwamba zimejipanga vizuri. Ulinibeba mgongoni siku gari la mizigo liliponigonga mguu. Sikujua kwamba uliyenibeba ulikuwa na maumivu yako.

Drusilla sitamwambia. Atakasirika, nawe unamjua akikasirika. Atanitukana, na mimi nitanyamaza. Neno hili ni lako. Likitoka, litoke kinywani mwako siku unayotaka wewe, na usipotaka lisitoke milele.

Najivunia kwamba umepona, Mama. Najivunia kwamba unakaa katikati.

Mwanao,
Padma


Chuo Kikuu
Nairobi
13 Februari 1974

Dada Drusilla,

Barua hii hutaipenda, kwa hiyo naiandika fupi.

Nimeliondoa jedwali lenu kwenye mkutano. Halitasomwa Kisii wala mahali pengine jinsi lilivyo. Nakala uliyonayo tafadhali usimwonyeshe mtu mwingine yeyote, hata kwa sifa njema. Ukiweza, ichane.

Mikono yako haina kosa. Namba zako ndizo safi zaidi katika hospitali zote nne za mradi huu. Lakini kuna kosa kwenye mpango, na mimi mwenyewe niliupitisha. Sababu iliyonifanya nilione siwezi kukueleza. Nakuomba uniamini kwa hili moja.

Wako,
Padma


Nyamira
20 Februari 1974

Kwa Bi Padma,

Barua yako nimeipata. Nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma nimekaa, na bado haina adabu.

Kuna kosa, lakini hulisemi. Umelijua, lakini hukueleza ulivyolijua. Nikuamini! Miaka miwili nimeandika kadi mpaka kidole cha kati kimeota sugu. Nimewaambia watu wote kwamba nitasoma Kisii. Nimemwambia mchungaji. Nimemwambia Persis wa jikoni, na ukimwambia Persis umeiambia Nyamira. Leo nimepita koridoni nikasikia watu wakiuliza kama ile mashine ya Nairobi imenikataa.

Na mpango ni wangu, kwa hiyo kosa ni langu, ila mimi sistahili kuambiwa ni lipi. Nilidhani zile siku za chini ya kaunta zilikuwa na maana. Kumbe nyinyi watu wa dukani ndivyo mlivyo, mkishapata mlichotaka mnateremsha mlango wa mabati na aliye nje abaki nje.

Mama ndiye pekee anayenishangaza. Nilimwambia, nikitegemea atalia nami. Akasema, "Huyo Mhindi ana akili," akaendelea kumenya ndizi. Hata nyumbani kwangu sina wa kunitetea.

Gauni la buluu limekwisha shonwa. Nitalivaa kanisani.

D. Nyanchera
Mkuu wa Kumbukumbu za Wagonjwa


Chuo Kikuu
Nairobi
27 Februari 1974

Dada Drusilla,

Ulivyoniita nimevipokea vyote. Hilo la mlango wa mabati liliuma, maana nalijua lilivyo zito, nililiteremsha kila jioni nikiwa mtoto.

Sikuombi unisamehe. Nakuomba ufanye kazi, maana kazi hujawahi kuikataa. Chukua karatasi yako, ujifungie peke yako. Soma mstari wa kwanza usiwe karani, uwe mtu wa Nyamira. Kisha ujiulize: namjua huyu?

Usimwonyeshe mwingine. Usiniandikie jina lolote, sitaki kulijua. Niandikie tu kama jibu ni ndiyo au hapana.

Habari za hapa: Profesa ameniita. Anataka nimtajie mtu aliyelalamika. Nimemwambia nikimtaja nitakuwa nimefanya kile kile ninachokikataa. Akanikumbusha kwamba kazi yangu ni ya mkataba. Nikamwambia mkataba nimeusoma, hauna mahali panaposema nitaje wagonjwa. Amenitoa kwenye safari ya Kisii. Mkutano wenyewe umesogezwa hadi mwezi wa tano, na nisipoleta jedwali jingine kabla ya hapo, mradi unafungwa na mimi naondoka.

Bado dada yako, upende usipende,
Padma


Nyamira
10 Machi 1974

Padma,

Ndiyo.

Nilifanya ulivyosema ili nikuonyeshe kwamba umekosea. Nilijifungia, nikasoma mstari wa kwanza kama mtu wa Nyamira. Sikuwa nimefika mwisho nikamwona mwenyewe, na kitambaa chake cha kichwa, amekaa kwenye benchi la kanisa nyuma yangu. Nikasema ni bahati mbaya. Mstari wa pili, nikamjua. Wa tatu nilimjua yeye, nikamjua na mama mkwe wake anayemsema vibaya, na sasa najua kwa nini anamsema vibaya.

Kwenye wa nne nikasimama. Padma, niliogopa. Niliwaza, nikiendelea nitawamaliza wote, na kesho nitawasalimia vipi njiani? Nikaikunja karatasi bila kusoma zaidi, nikaitia jikoni motoni mwenyewe, nikaichochea mpaka ikawa majivu.

Nimetafuta nilipokosea, nimepaona. Nilidhani kumheshimu mtu ni kumficha. Jina la mtu hapa kwetu halimwonyeshi, majina tunaazimana. Kinachomwonyesha ni kwao, na boma lake, na watoto wake. Mimi nilifuta kisichosema kitu, nikaandika kila kinachosema. Kama mngepewa majina matupu mngejua machache zaidi. Na mtu kutoka nje asingeliona kosa hilo kamwe, lilitaka mtu wa kwetu kulifanya. Hata katika kukosea nimekuwa wa kwanza.

Nacheka, lakini sikulala vizuri wiki hii. Na nilijisifu! Nilimsomea mama hadi mstari wa kumi na kitu, kwa sauti. Huenda amewajua wote. Namshukuru Mungu kwamba mama si mtu wa kubeba maneno.

Yale ya mlango wa mabati nayaondoa. Ulikuwa na haki. Ila bado nakuuliza, kwa nini hukunieleza tangu mwanzo kwa maneno haya haya?

Sasa sikia, maana sikukaa tu kulia. Nimekwenda Tabaka. Binamu yangu Ondieki anachonga yale mawe laini wanayouziwa wageni, vifaru na viboko. Nimemwambia anichongee vibao vya duara, vya kuenea kiganjani. Upande mmoja mnyama au jani, kila kibao na lake, upande wa pili namba. Mgonjwa anapewa jiwe lake siku ya kwanza. Akija tena haulizwi jina dirishani mbele ya foleni nzima, anaonyesha jiwe. Asiyejua kusoma anamjua mnyama wake. Jina linaandikwa mara moja tu, linakaa kwenye kabati la chuma, ufunguo kwa metroni. Kwenu Nairobi inakuja namba ya jiwe na ugonjwa. Ukoo unatoka. Boma linatoka. Watoto wanatoka. Umri tunaandika kwa mafungu.

Na madirisha yawe mawili, langu na la Mzee Alfayo, mgonjwa achague. Maana kuna kina mama wasiotaka kuhudumiwa na mtu aliye mtoto wao, na kuna wasiotaka mwanamume. Chinsoni si ya kuwekwa nje ya mlango wa hospitali.

Umeona? Nimeanguka, nimesimama, na nimesimama na kitu mkononi.

Drusilla


Chuo Kikuu
Nairobi
2 Aprili 1974

Dada yangu,

Nimeisoma barua yako kwa wasichana wanaotoboa kadi, sehemu ya mawe tu. Lata, mwenye mashine ya mwisho dirishani, alipiga makofi.

Nami nimeongeza langu. Jiwe linalinda kadi, lakini jedwali linahitaji ulinzi wake. Kwa hiyo nimeiandikia kompyuta amri: kundi lolote lenye watu pungufu ya kumi lisichapwe peke yake, liunganishwe na jingine mpaka wawe wengi. Hakuna mwanamke atakayesimama peke yake kwenye mstari. Nimeijaribu mara nyingi nikijifanya mtu wa Nyamira, nikijifanya Persis wa jikoni, na sikumpata mtu hata mmoja. Kilichobaki ni ukweli wenyewe, nao ni mkubwa: wanaoumia katika uzazi ni wengi mno, na waliopasuliwa, karibu wote wamepona. Hilo ndilo machifu wanapaswa kulisikia.

Profesa alikaa na mpango wetu siku nzima. Alipotoka alisema utaratibu huu utatumika katika hospitali zote nne. Hakuomba radhi, ila alirudisha mkataba wangu mezani umetiwa saini. Safari ya Kisii bado hajanirudishia. Si kitu. Wewe utakuwepo.

Umeniuliza kwa nini sikukueleza mapema. Kuna mtu aliniomba ninyamaze, Drusilla, nami niliahidi. Usiniulize ni nani. Siku zile uliponiita Bi Padma nilikaa na kalamu mkononi, neno moja tu lingetosha kunisafisha. Sikuliandika. Katika yote niliyofanya hapa, pamoja na hiyo amri ya kompyuta, hilo ndilo ninalojivunia.

Vaa la buluu.

Padma


Nyamira
26 Mei 1974

Padma, Padma,

Nilisoma! Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Machifu wawili walikuja na mafimbo yao, mapadre wakakaa upande mmoja na wachungaji wetu upande wa pili, na baba yako katikati, amevaa tai, akimwambia kila aliyekaa karibu kwamba kitambaa cha gauni lile kimetoka kwake.

Nilisoma jedwali jipya taratibu. Nilipotaja idadi ya wanaoumia wakati wa kuzaa, padre mmoja akaniomba niirudie namba. Nilipotaja waliopona, mchungaji mmoja mzee akavua miwani. Akasimama chifu akasema, "Haya ni mambo ya nani? Tutajie, tuwasaidie." Nikamjibu, "Mzee, ni mambo ya wengi. Ukitaka kuwasaidia, wape gari la kuwaleta. Wakifika, hapana atakayewauliza jina dirishani." Nikainua jiwe la Ondieki lenye kifaru, wote walione. Chifu akacheka, akasema basi na yeye apewe lake. Gari limekubaliwa, Padma. Litapita Ogembo na upande wetu, kila juma.

Profesa alisimama mwishoni akasema utaratibu huu ulitoka hospitali ya Nyamira, na kwamba kule Nairobi kuna msaidizi wake aliyekataa kutaja jina hata alipotishwa, na aliyemtisha ni yeye. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Nilitaka kupanda mezani niseme huyo ni dada yangu.

Bado najiuliza ni nani aliyekuomba. Nimefikiri ni mke wa mtu mkubwa. Haidhuru, siulizi. Yeyote aliye, alichagua vizuri wa kumwomba.

Mama alikuwa ukumbini. Alikaa nyuma, akatoka kabla ya chai. Na leo asubuhi amezipiga pasi nguo za kanisani ingawa Sabato ilikuwa jana, anasema ana safari yake kesho na hataki maswali.

Wako,
Drusilla


Nyamira
27 Mei 1974

Padma mwanangu,

Mimi Bochaberi. Safari hii Alfayo amepumzika. Anaandika ni Drusilla.

Nimemwambia aandike vile nasema, asitengeneze. (Sitengenezi. D.)

Leo nimeenda hospitali. Alfayo alikuwa amenipa jiwe yangu, iko na kobe. Nikamuuliza, mimi naonekana mzee namna hiyo? Anasema kobe ndiyo ilikuwa imebaki. Kulikuwa na madirisha mawili, kama vile Drusilla alipanga. Dirisha ya Alfayo haikuwa na watu. Mimi nikapanga foleni kwa Drusilla.

Nikafika, nikaweka kobe mbele yake. Akashtuka. Akasema pole pole, "Mama, dirisha lako ni lile." Nikamwambia najua. Nikamwambia lete kadi yangu kutoka kwa Alfayo na usome, nimekubali. Akasema kwetu si vizuri mtoto kusoma. Nikamwambia mtoto kuchungulia ndiyo mbaya. Mama akikupa mwenyewe hujachungulia.

Alisoma. Akafika mahali pa yule msichana. (Hapa nimeacha kuandika kidogo. D.)

Aliacha kwa sababu analia. Nimemwambia aandike hivyo pia, kwa sababu ni kweli.

Nikamwambia, ni wewe. Ulikuja na kichwa kikubwa, na mpaka leo haijapungua. Niliumia, nikapona. Nilikuficha nikifikiri ukijua utainama. Lakini siku ile Kisii nilikuona umesimama mbele ya machifu, unawakataza kuuliza majina yetu, na mimi niko nyuma pale, hakuna anayejua ni mimi unanisemea. Hata wewe hukujua. Nikasema moyoni, huyu hawezi kuinamishwa na kitu. Nikirudishwa siku ile ya kuzaa, nikiambiwa maumivu ni yale yale na miaka ni ile ile, nitamzaa huyu huyu.

Na nimemwambia aliyekuomba unyamaze ni mimi. Na matusi yake yote ulikunywa kwa ajili yangu. Sasa anataka kuongeza maneno yake mwenyewe. Nampa nafasi.

Dada, sina maneno. Ni mara ya kwanza, kwa hiyo iandike mahali. Nilikuita mtu wa kuteremsha mlango, na wewe ulikuwa umesimama mlangoni umemficha mama yangu nyuma yako. Nisamehe. D.

Amemaliza? Sawa. Padma, Desemba uje. Ndizi ni za kwangu, usilete kitu. Ukishuka pale sokoni usiulize Bochaberi, wako wengi. Angalia katikati.

Bochaberi
Kidole changu ndiyo hii. Drusilla ndiye ameshika mkono.